Nzi, Chambo na Chubwi: Msamiati wa Uvuvi wa Starehe kutoka Mbaraki hadi Mto Gura

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeteremka kutoka katikati ya mji wa Mombasa kuelekea Mbaraki aghalabu huenda huko kwa ajili ya mnara. Mnara huo wa matumbawe, wenye kimo cha mita 14 hivi na unaokadiriwa kuwa ulijengwa mapema katika karne ya 18, umeandikwa vya kutosha na wanahistoria, na umepigwa picha vya kutosha na watalii. Makala haya yanaupa mnara kisogo na kuyaelekeza macho majini. Maji yenyewe yana jina linalostahili kufasiriwa. Kilindi ni mahali penye kina kirefu baharini, na Kilindini, bandari inayopakana na Mbaraki, ni jina la mtu aliyeyajua maji hayo kwa chubwi kabla meli za chuma hazijafika. Kwa hiyo, kabla hatujaliuliza Kiswahili kama kina maneno ya kutosha kuuelezea uvuvi wowote ule, yafaa tukumbuke kwamba bandari kuu ya Kenya imepewa jina na watu waliopima kina.

Kwenye majabali ya Barabara ya Mama Ngina, hadi karibu na Ras Serani, huonekana wavuvi wa mshipi wa mkono. Mvuvi wa namna hiyo hana ufito wala mashua. Ana mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye kipande cha mti au chupa, ndoana, chambo cha kamba au ngisi, na chubwi. Katika mkondo uo huo hupita mashua za injini zenye fito ndefu zilizosimamishwa nyuma, zikielekea nje ya mwamba. Hao nao ni wavuvi, lakini hawaendi kutafuta kitoweo. Ni wavuvi wa starehe, na baadhi yao, wachache lakini wenye ari kubwa, huvua kwa kile ambacho Waingereza hukiita nzi. Uvuvi huo ndio tunaokusudia kuueleza hapa, pamoja na namna safari zake zinavyoendeshwa, kisha tujiulize Kiswahili kiuiteje.

Nzi asiyeruka

Nzi anayezungumziwa si mdudu. Ni ndoana iliyofungwa manyoya ya ndege, nywele za mnyama, uzi na siku hizi nyuzi za plastiki zinazometameta, ili ifanane na kitu ambacho samaki hukila. Katika mito ya milimani hufananishwa na wadudu wanaoelea juu ya maji, na hapo ndipo jina lilipotoka. Baharini nzi huyo hafanani na mdudu hata kidogo. Hufanyizwa kwa sura ya dagaa, kamba au ngisi mchanga, na anayekusudiwa sulisuli huweza kupita urefu wa kiganja cha mtu mzima. Jina limebaki, maana imekwisha kuhama. Wanasemantiki watalitambua jambo hili mara moja.

Tofauti kubwa, hata hivyo, haiko kwenye chambo. Iko kwenye uzito. Mvuvi wa majabalini hurusha chubwi, na chubwi ndiyo inayouvuta mshipi hadi mbali, kwa kuwa mshipi wenyewe ni mwepesi. Jina la kifaa hicho, kwa hakika, ni sauti yake kinapoingia majini. Manyoya hayawezi kurushwa hivyo. Ukiyatupa, upepo utakurudishia usoni. Kwa hiyo uzito umehamishiwa kwenye mshipi wenyewe. Mshipi hutengenezwa kuwa mnene na mzito, na mvuvi huupeperusha nyuma na mbele hewani kwa ufito mwembamba unaopindika kama upinde, mpaka upate nguvu ya kutandazika majini. Kati ya mshipi huo na nzi hufungwa unyuzi mwembamba usioonekana, ili samaki asishtuke. Mishipi hupangwa kwa nambari kulingana na uzito wa mita 9 za mwanzo. Nambari 5 humtosha mvuvi wa mtoni, ilhali anayemwendea sulisuli hatakubali chini ya nambari 12.

Kutoka Makedonia hadi Gura

Wako wanaodhani kwamba sanaa hii ilizaliwa Uingereza. Mwandishi Aelian, aliyeandika kwa Kigiriki yapata mwaka 200 B.K., alikwisha kueleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana ili kuwavua samaki wa mtoni. Waingereza waliirithi sanaa hiyo, wakaitungia vitabu, sheria na vyama, kisha wakaja nayo walikokwenda.

Nchini Kenya walikuta mito baridi isiyokuwa na samaki waliyemtaka, wakamleta. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki walioanguliwa wakatiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baadaye waliletwa trauti wa aina nyingine, na mito ya Mlima Kenya nayo ikapandwa samaki kama shamba linavyopandwa mbegu. Vyama vya wavuvi vikaundwa. Shughuli zake hazikuwa kuvua tu. Kulikuwa na kupanda samaki, kulinda kingo za mito, kutunza vibanda vya kulala, kuweka daftari la kila samaki aliyepatikana, na kufundishana kufunga nzi nyakati za mvua, maji yanapochafuka. Katika enzi ya ukoloni vyama hivyo vilikuwa vya Wazungu. Mwafrika alikuwamo kama mchukuzi, mpishi au mlinzi wa mto, na yumkini alijua kuliko bwana wake ni bwawa gani lenye samaki.

Trauti hawezi kuishi Mombasa. Anahitaji maji ya baridi yenye hewa nyingi, na maji ya pwani yetu hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi wakati wa kaskazi. Pwani basi ilipata historia yake. Mwaka 1934 mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alivua samaki wakubwa Malindi, na jina lake limekuwa likiwavuta wageni tangu hapo. Baadaye palitokea Malindi Sea Fishing Club, na kusini, Shimoni, Pemba Channel Fishing Club. Uvuvi wa nzi baharini ulikuja nyuma ya uvuvi huo wa fito nzito, kama mtoto wa mwisho anayedekezwa.

Siku moja baharini

Safari hupangwa kwa vitu viwili ambavyo Kiswahili kinavimiliki barabara: upepo na maji. Kusi kikivuma bahari ya nje huchafuka, na mashua nyingi za starehe hutiwa nanga au hupandishwa pwani kutengenezwa. Msimu wao huanza takriban Agosti, na hushika kasi wakati wa kaskazi hadi Machi. Maji nayo hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa Mombasa huzidi mita 3. Wakati wa maji mafu hupungua sana. Anayetaka kolekole kwenye milango ya mwamba hungoja maji yanayokwenda kwa nguvu. Anayetaka kusimama kwenye fungu la mchanga akitupa mshipi hungoja yapwe. Sijaona kitabu cha kigeni kilichoyaeleza haya kwa maneno machache kama afanyavyo mvuvi wa Mvita kwa kutaja tarehe ya mwezi tu.

Anayemwendea sulisuli kwa nzi hana budi kushirikiana na mabaharia wake. Mashua hukokota nyuma yake vishawishi visivyo na ndoana. Samaki akija kwa hasira kuvipiga, baharia huvivuta taratibu kuelekea mashuani huku samaki akivifuata. Nahodha hutoa gia, kwa kuwa kanuni za IGFA, shirika la kimataifa lililoasisiwa mwaka 1939, hazimruhusu mvuvi wa nzi kutupa mshipi wakati mashua inasukumwa na injini. Kishawishi hunyakuliwa kutoka majini, na katika nukta hiyo hiyo mvuvi hutupa nzi. Sulisuli aliyepokonywa alichokitaka hulivamia la kwanza analoliona. Waswahili walikwisha kusema kwamba hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi, nao hawakuwahi kuona kishawishi cha plastiki.

Kinachofuata ndicho kinachomshangaza mwenyeji. Samaki, baada ya kupigana kwa muda mrefu, huletwa ubavuni mwa mashua, hupigwa alama ndogo yenye nambari mgongoni, kisha huachiliwa. African Billfish Foundation, yenye makao yake Watamu, hukusanya habari za alama hizo: aina ya samaki, mahali, tarehe na uzito uliokisiwa. Akinaswa tena, safari yake hujulikana. Mashua hurudi na bendera badala ya samaki, na mtu aliyesimama gatini huweza kuisoma siku ya wenzake kabla hawajatamka neno. Kwa mvuvi wa majabalini, aliyeshinda juani apate changu wawili, samaki wa kilo 30 kurudishwa majini ni jambo linalohitaji maelezo. Maelezo yapo, na ni ya haki: samaki hawa hupungua, na sulisuli mmoja aliye hai huleta wageni wengi. Lakini riziki ni neno lenye uzito wake, na anayetaka kumweleza mvuvi hifadhi ya bahari kwa Kiswahili lazima aanzie kwenye neno hilo, asianzie kwenye istilahi za warsha. Hasa ukikumbuka kwamba mvuvi huyo ndiye aliyepigwa marufuku juya mwaka 2001.

Tuuiteje?

Jaribio la kwanza la mfasiri mvivu ni uvuvi wa nzi. Kisarufi halina kosa, na hapo ndipo hatari ilipo. Kihusishi -a cha uhusiano hubeba mambo mengi. Uvuvi wa papa ni kuwavua papa. Uvuvi wa kamba ni kuwavua kamba. Uvuvi wa jarife, kwa upande mwingine, ni kuvua kwa kutumia jarife, na uvuvi wa mshipi hali kadhalika. Msikilizaji hutenganisha maana hizi kwa kuwa anajua papa ni samaki na jarife ni wavu. Nzi anamjua kuwa kiumbe. Ataelewa nini, basi, ila kwamba kuna watu wazima wanaotoka Mbaraki alfajiri kwenda kuvua nzi?

Jaribio la pili ni kutafsiri kila kifaa neno kwa neno. Ule unyuzi mwembamba Waingereza huuita kiongozi. Tukifuata, tutapata sentensi isemayo kwamba mshipi una kiongozi na kiongozi ana nzi, sentensi inayofaa zaidi jukwaa la siasa. Hata neno kilabu lina mashaka yake. Kwa Wakenya wengi kilabu ni mahali pa kunywea pombe, na ndiyo sababu nimeshikilia chama.

Pendekezo langu ni uvuvi wa unyoya. Unyoya ni chombo bila shaka, hakuna anayeuvua, na jina linamwonyesha msikilizaji kilicho mwishoni mwa mshipi. Nzi mwenyewe aitwe chambo cha unyoya. Unyuzi ubaki unyuzi. Gurudumu dogo la kuzungushia mshipi liitwe roda, neno la mabaharia wetu kwa kapi ya kupandishia tanga, lililotokana na Kireno na likazoea maji ya chumvi. Kwa mashua inayokokota mshipi nyuma yake hatuhitaji kubuni lolote: kurambaza lipo, nalo ni kuvua kwa kuusogeza mshipi majini. Lugha iliyolitoa neno kuvinjari kutoka kwa vyombo vya baharini ikawapa watumiaji wa intaneti kivinjari chao haiwezi kushindwa na ufito na unyoya.

Kazi ngumu iko kwa samaki. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ya mwaka 1981 au ya 2004, utafute majina ya samaki wenye midomo mirefu. Mara nyingi utaambiwa kwamba hii ni aina ya samaki mkubwa wa baharini, basi. Mwanachama wa chama cha wavuvi hutofautisha sulisuli na nduwaro kwa umbo la tanga la mgongoni, na alama haiwezi kuandikwa daftarini bila jina sahihi. Nahodha anayemwongoza huwatofautisha vilevile, tena kwa mbali, kwa namna wanavyoyakata maji, na majina anayotumia Mombasa huenda yasiwe yale ya Vanga au Lamu. Krapf, aliyeyakusanya mengi ya maneno yake Mombasa na Rabai, alichapishiwa kamusi mwaka 1882, na bado kuna maneno ya bahari yanayopatikana humo kwa urahisi kuliko katika kamusi zetu za mezani.

Chama chetu huandaa ziara kila mwaka. Ile ijayo na iende Mbaraki, wakati wa bamvua, maji yakiwa yanapwa. Wanafunzi wagawanyike: nusu wakae na wavuvi wa majabalini, nusu wakae na mabaharia wa mashua za starehe, kila mmoja akiwa na daftari na picha za samaki zisizo na majina. Waanze na vipande vya ndoana: jicho, shina, mpindo, na kile kijimwiba cha ndani kinachomzuia samaki asichomoke. Kwa hicho cha mwisho nimesikia majina matatu katika ufuo mmoja.