Chuma cha Jua Maabarani: Swali la Mistari Miwili

Plazima ni gesi iliyopata joto kali hata atomi zake zikavuliwa elektroni, zote au baadhi. Wasomaji waliolizoea neno hili katika tiba, kwa maana ya majimaji ya damu, hawana budi kuiweka maana hiyo kando. Jua ni plazima, nyota nyingine ni plazima, na gesi iliyotanda baina ya galaksi nayo vivyo hivyo. Hakuna awezaye kwenda kuichota. Joto lake likifika mamilioni ya digrii hutoa mionzi ya eksi, na mionzi hiyo nayo huzuiwa na hewa ya dunia, ndiyo sababu darubini zake hurushwa angani. Mbili zilizo mashuhuri, Chandra ya Marekani na XMM-Newton ya Ulaya, zilirushwa mwaka 1999.

Spektroskopia ni elimu ya kuuchambua mwanga wa namna hiyo. Mionzi hutawanywa kwa kadiri ya urefu wa mawimbi yake, na kila elementi hujitambulisha kwa mistari yake, kama mwandishi anavyojulikana kwa hati ya mkono wake. Lakini hati haisomeki pasipo kujua alfabeti, na hapo ndipo maabara inapohitajika.

Mfano ulio bora ni wa chuma. Atomi yake ina elektroni 26. Katika taji la Jua, yaani ule mwangaza uonekanao Jua linapopatwa, chuma huweza kupoteza elektroni 16 na kubaki na 10. Hizo kumi hujaza kabisa matabaka mawili ya ndani, kwa hiyo atomi iliyosalia ni imara na hudumu katika viwango vingi vya joto. Mistari yake miwili, iliyopewa majina 3C na 3D, hung'aa karibu na nanomita 1.50 na 1.53. Nadharia ya kwanta ilidai kwamba wa kwanza una nguvu mara tatu na nusu au zaidi kuliko wa pili. Vipimo vya Jua na vya nyota vilitoa uwiano mdogo zaidi.

Wanafalaki wengine walieleza kwamba mwanga wa 3C, kwa kuwa ndio wenye nguvu, hunaswa na kutawanywa na gesi yenyewe kabla haujatoka. Maelezo hayo yalikuwa na faida kubwa, kwani kutokana na mwanga uliopungua ingewezekana kukadiria unene wa gesi na msukosuko wake. Ila yalitegemea jambo moja: kwamba hesabu ya nadharia ni sahihi.

Katika maabara ya Livermore, California, kulikuwa kumeundwa mwaka 1986 mtego wa ioni. Ndani yake boriti ya elektroni, nyembamba kama unywele, hubanwa kwa sumaku kali. Atomi zikiingia hugongwa na kuvuliwa elektroni moja baada ya moja, kisha zikashikwa papo hapo. Wingu linalopatikana lina urefu wa sentimita chache tu, na ni hafifu mno kiasi kwamba mwanga hauwezi kunaswa humo. Hata hivyo mwaka 1998 uwiano uliopimwa hapo ulikuwa 3.04. Hivyo gesi nene haikuwa sababu pekee. Ama hesabu ilikosea, ama kipimo.

Mwaka 2012 mtego kama huo ulipelekwa kwenye leza ya mionzi ya eksi huko Stanford, ili ioni ziamshwe kwa mwanga badala ya kugongwa. Tofauti ikazidi badala ya kupungua: 2.61. Wengine wakaishuku nadharia. Wengine wakasema mipigo ya leza ilikuwa mikali mno kwa mstari wenye nguvu. Huko Hamburg, Ujerumani, kazi ikarudiwa kwa mwanga mpole wa mashine ya PETRA III, na mwaka 2020 ikapatikana 3.09. Kipimo cha 2022, kilichofanywa hapo hapo kwa ukali zaidi wa kutenganisha mawimbi na kwa uchafu mdogo sana wa ishara, kilitoa 3.51, na hesabu mpya 3.55. Kumbe mabawa mapana ya mstari wa 3C yalikuwa yamefichika katika uchafu huo, na nguvu yake ikahesabiwa pungufu. Nadharia iliyoshukiwa kwa zaidi ya miaka 40 ilisalimika.

Yafaa ikumbukwe kwamba nambari hiyo yahusu ioni zilizoamshwa kwa mwanga. Katika taji la Jua chuma huamshwa hasa kwa kugongwa na elektroni, na nguvu ya migongano hiyo hupimwa peke yake, kwa boriti ya mtego wenyewe, leza ikiwa imezimwa.