Kujenga Misuli Bila Makuu: Chakula cha Kihamba na Vyuma vya Saruji

Jioni inapoingia Kibosho, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, si ajabu kuwakuta vijana wamekusanyika nyuma ya nyumba wakipokezana bomba la chuma lenye makopo ya saruji kila upande. Vifaa hivyo havina jina la kiwanda, lakini vinatosha. Kinachowatatiza vijana wengi wenye hamu ya kutunisha misuli si chuma, bali maneno wanayosikia: kwamba bila unga wa kopo kutoka ng'ambo mwili haujengeki, kwamba ni lazima kula mara nane kwa siku, na kwamba ipo sindano inayofupisha safari. Maneno hayo humaliza fedha za wengi, na wengine huwaharibia afya.

Msingi wa kukua kwa msuli ni mwepesi kueleweka. Msuli hukua unapopewa mzigo unaouzidi kidogo ule uliouzoea, ukalishwa, kisha ukapumzishwa. Anayeanza anatosheka na mazoezi matano: kuchuchumaa na kusimama akiwa na mzigo, kuinua mzigo kutoka chini, kupiga pushapu, kujivuta juu kwenye tawi imara au bomba, na kusukuma mzigo juu ya kichwa. Afanye siku tatu kwa wiki, akiacha siku moja ya kupumzika katikati. Kila zoezi lirudiwe mara 8 hadi 12, kwa mizunguko miwili au mitatu. Mara 12 zikiwa rahisi, aongeze mzigo kidogo. Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka kabla ya msuli kuonekana, kwa kuwa mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kwanza. Wengi hukata tamaa katika kipindi hicho na kuanza kutafuta dawa.

Chakula kilichopo nyumbani

Utafiti wa lishe ya wanamichezo unaonesha kwamba takribani gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku zinamtosha mtu anayefanya mazoezi ya nguvu. Kijana wa kilo 60 anahitaji basi gramu 96 hivi. Kiasi hicho kinaweza kupatikana bila kopo lolote. Mayai mawili yana gramu 12, na vikombe vitatu vya maziwa, yawe mabichi yaliyochemshwa au ya mgando, vina gramu 24. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15, gramu 100 za nyama iliyoiva zina takribani 25, na konzi ya dagaa wakavu huongeza 15 hivi. Sehemu iliyobaki hujazwa na mahindi, ulezi na mboga.

Ndizi, ambayo ndiyo moyo wa mlo wa Wachaga, ina protini kidogo sana, lakini wanga wake ndio nishati ya kunyanyulia mzigo. Ndiyo maana kiburu, ambamo ndizi hupikwa pamoja na maharage, ni mlo mzuri kwa mnyanyua vyuma, na mtori wenye nyama ya kutosha vilevile. Siku ambayo nyama haipatikani, maharage na maziwa viongezwe. Mbege, hata ikitokana na ndizi na ulezi, ni pombe, na pombe nyingi baada ya mazoezi hupunguza uwezo wa mwili kujenga msuli na huharibu usingizi. Mtu mzima anahitaji kulala angalau saa saba kwa usiku.

Njia ya mkato na gharama yake

Homoni za kiume zinazodungwa au kumezwa ili kukuza misuli huudanganya ubongo, nao huacha kuziamuru korodani kufanya kazi. Korodani husinyaa, mbegu za uzazi hupungua au kutoweka, na huweza kuchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, kurejea. Matiti huweza kuota, shinikizo la damu hupanda, na moyo na ini huweza kudhurika. Kuchangia sindano huongeza hatari ya VVU na homa ya ini. Vidonge vya deksamethasoni, ambavyo baadhi ya watu huvitumia ili wanenepe, hujaza uso na kuongeza maji na mafuta mwilini, huku vikiusaga msuli uleule unaotafutwa. Aliyevitumia kwa muda mrefu asiviache ghafla bila kumwona daktari.

Kwa wahudumu na wagonjwa

Kijana anapofika kituoni kwa sababu ya ugumba, chunusi nyingi, macho ya manjano au shinikizo la damu lisiloeleweka, mhudumu amwulize kuhusu sindano na vidonge vya misuli, kwa faragha na bila kumkemea, kwani anayekemewa huficha. Ikumbukwe pia kwamba kreatinini ya damu huweza kuwa juu kwa mtu mwenye misuli mikubwa au anayetumia kretini, bila figo kuwa na ugonjwa. Vipimo vingine vitazamwe kabla ya kumtia hofu.

Mazoezi haya si ya vijana pekee. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima waimarishe misuli angalau siku mbili kwa wiki. Msuli unaofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu, hivyo humsaidia mwenye kisukari, ingawa anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuanza na awe na kitu kitamu karibu. Mwenye shinikizo la damu aanze na mzigo mwepesi, atoe pumzi anapoinua wala asiibane. Mgonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kushauriwa na daktari wake.

Dalili zinazotaka hospitali mara moja ni maumivu ya kifua, kuzirai, na mkojo wa rangi ya kahawa baada ya mazoezi makali, kwani huweza kuashiria msuli uliovunjika na kuzielemea figo. Kwa mkazi wa Kibosho mwenye dalili hizo, Hospitali ya Kibosho iko jirani, na KCMC iko mjini Moshi. Asisubiri kuche.