Vazi la Mvunaji

Mwaka 1960, wachimbuaji wa mambo ya kale waliokuwa wakifukua ngome ndogo kwenye pwani ya Bahari ya Kati, kusini mwa Tel Aviv ya leo, waliokota vipande vya chungu vilivyoandikwa kwa wino. Vilipounganishwa ikapatikana barua ya mistari kama 14, kwa Kiebrania cha karne ya saba kabla ya Kristo. Mwenye barua ni kibarua wa mavuno, na jina lake halimo. Anamweleza mkuu wa ngome kwamba amevuna, amepima na ameweka ghalani kiasi alichopangiwa. Kisha akaja mtu aitwaye Hoshavyahu mwana wa Shobai, akamchukulia vazi lake. Wenzake waliovuna naye juani, anasema, watamshuhudia kwamba hana kosa. Anaomba vazi lirudi.

Mimi nafundisha Kiebrania cha Biblia kwa wanafunzi wa uchungaji, na kila darasa jipya naanza na kigae hiki kabla hatujafungua Mwanzo. Sababu ni maneno yake ya kwanza. Kibarua anamwomba bwana mkubwa asikie neno la mtumishi wake. Kitenzi ni shama, nomino ni davar, na hayo mawili ndiyo manabii wanayotumia wanapowaita watu walisikie neno la Bwana. Nataka mwanafunzi akutane nayo kwanza katika kinywa cha mtu aliyenyang'anywa nguo, ili atakapokutana nayo kwa Isaya au Yeremia asidhani ni maneno yaliyozaliwa mimbarani.

Kitenzi hicho shama kina uzito ambao tafsiri huficha bila kukusudia. Kiebrania cha Biblia hakikuwa na kitenzi cha kawaida cha kutii kilichojitenga na kusikia. Tunaposoma katika Kiswahili kwamba Abrahamu aliitii sauti ya Mungu, maandishi ya asili yanasema aliisikia. Mtafsiri hana budi kuamua kila mahali: hapa niweke sikia, pale niweke tii. Anafanya vizuri kuamua, la sivyo msomaji atapotea. Lakini msomaji naye hana njia ya kujua kwamba chini ya maneno mawili kuna moja tu. Amri kuu ya Kumbukumbu la Torati sura ya 6, ile ambayo Wayahudi huikiri asubuhi na jioni, inaanza na kitenzi hicho hicho. Waandishi wa magombo ya Torati wana desturi ya kuandika herufi ya mwisho ya neno la kwanza na herufi ya mwisho ya neno la mwisho la mstari ule kwa ukubwa kuliko nyingine. Ukiziunganisha herufi hizo mbili unapata neno lenye maana ya shahidi. Wanafunzi wangu hulipenda jambo hili kuliko sarufi yote, nami siwalaumu.

Kwa hakika Mswahili hana haja ya kufundishwa sana hapa. Mama akisema mtoto wake hasikii, hakuna jirani atakayeshauri apelekwe kupimwa masikio. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kila mtu anajua kwamba la mkuu lilimfikia vizuri kabisa. Watu wanaosikilizana ni wanaopatana. Neno kutii lenyewe tulilipata kutoka Kiarabu, na jirani yangu Mwislamu anayesoma aya za mwisho za Surat al-Baqara hukuta humo kusikia na kutii vikiwa bega kwa bega katika kauli ya waumini. Wagiriki nao waliunda neno la kutii, analolitumia Paulo, kwa kuchukua kusikia na kukitangulizia kiambishi chenye maana ya chini: kusikia ukiwa chini ya anayesema.

Lakini siku hizi Kiswahili chetu kimepata sikia nyingine, ya ofisini na mikutanoni. "Tumewasikia, tutalifanyia kazi." Mwananchi akiambiwa hivyo anajua mlango umefungwa. "Nimekusikia" limekuwa neno la kumwondoa mtu bila kumkasirisha. Naliogopa neno hili kuliko upinzani wa wazi, maana linamwachia msemaji dhamiri tulivu. Limeingia hata kanisani, na nitakiri hapa chini kwamba limeingia hata kinywani mwangu.

Turudi kwenye vazi. Katika nchi ya Yuda, vazi la nje la maskini lilikuwa joho mchana na blanketi usiku. Milima ya nchi ile ina baridi usiku, hata majira ambayo mchana unaunguza. Kwa hiyo sheria iliyo katika Kutoka 22 inasema kwamba ukichukua vazi la mwenzako kuwa rehani ya deni, umrudishie kabla jua halijatua, kwa sababu hana kingine cha kujifunikia. Barua ya mvunaji haitaji rehani, wala haitaji sheria. Yaelekea alishukiwa kutotimiza kipimo chake, vazi likachukuliwa kuwa adhabu. Ila mtu aliyesoma Kutoka 22 hawezi kuisoma barua ile bila kusikia mwangwi.

Na sheria ile inatoa sababu. Mungu anasema kwamba maskini huyo akimlilia, yeye atasikia. Ni shama tena, safari hii Mungu akiwa ndiye mwenye kusikia. Hakuna anayeelewa kwamba Mungu atapata tu taarifa. Maana yake ni kwamba atachukua hatua, na mwenye kulikalia vazi ana sababu ya kutetemeka. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inasema hivyo hivyo juu ya ujira wa kibarua: alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua, asije akalia kwa Bwana juu yako. Kwa nini siku ile ile? Kwa sababu ujira wa leo ndio unga wa leo jioni. Karne nyingi baadaye Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anaupa ujira uliozuiliwa sauti yake wenyewe: unalia, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Tumezoea kuligawa jambo hili mafungu mawili. Kulisikia neno la Mungu tunakuweka asubuhi, katika ibada, kwenye redio, kwenye kifungu cha siku kinachoingia katika simu. Kumsikia mlinzi au fundi aliyetujengea choo tunakuweka kwenye fungu la shughuli. Maandiko hayajui mafungu hayo. Yana kitenzi kimoja, na sikio linalotumika ni moja.

Habari inayolionyesha jambo hili kuliko zote ni ya baba na mwana, wafalme wa Yuda. Wengi wa wataalamu huiweka barua ya mvunaji katika siku za baba, Yosia. Katika mwaka wa kumi na nane wa utawala wake, yapata 622 kabla ya Kristo, kitabu cha sheria kilipatikana hekaluni wakati wa matengenezo, na mwandishi Shafani akamsomea. Mfalme aliposikia aliyararua mavazi yake. Kisha akatuma watu kwa nabii mke Hulda, na jibu lililorudi, kama lilivyo katika 2 Wafalme 22, lina jambo ambalo hunigusa kila nikilisoma: kwa kuwa Yosia amelia, Mungu naye amesikia. Mfalme alisikia, akasikiwa.

Mwanawe Yehoyakimu naye alisomewa. Ilikuwa mwaka wa tano wa utawala wake, mwezi wa tisa, wakati wa baridi, amekaa mbele ya jiko la makaa. Gombo lilikuwa la maneno ya Yeremia, yaliyoandikwa na Baruku. Msomaji, jina lake Yehudi, kila alipomaliza safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu cha waandishi, kile cha kuchongea kalamu, akazitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Miongoni mwa waliomsihi asilichome alikuwa Gemaria mwana wa Shafani. Baba alimsomea Yosia kitabu, na mtoto alisimama akiangalia kitabu kikiungua.

Yeremia 36 inatumia kitenzi kimoja kwa kurarua nguo na kwa kulikata gombo, na inasema wazi kwamba mfalme na watumishi wake hawakuyararua mavazi yao. Mwandishi anataka tuwaweke wafalme hawa wawili pamoja. Wote walikuwa na masikio mazima. Wote walisomewa neno lote, maana Yehoyakimu hakutoka nje hata mara moja: alikaa, akasikiliza safu baada ya safu.

Tofauti yao ilianzia wapi? Wahubiri wengi huanzia jikoni pale, kwenye makaa. Mimi naona tuanzie sura ya 22 ya kitabu kilekile. Huko Yeremia anamshutumu Yehoyakimu kwamba amejijengea jumba lenye vyumba vipana, madirisha makubwa na mbao za mwerezi, akiwatumikisha watu wake bila ujira. Papo hapo anamkumbusha baba yake: yeye naye alikula na kunywa, hakuishi kama fukara, lakini aliamua haki ya maskini na mhitaji. Kisha Yeremia anauliza kama huko siko kumjua Mungu. Basi kile kisu hakikunolewa siku ya gombo. Mtu aliyekuwa amejizoeza kutosikia mafundi wakidai ujira wao alikuwa ameshajifunza jinsi ya kumsikiliza nabii bila kusikia.

Nilikuwa na umri wa kutosha kulijua hili siku nilipolisahau. Nilialikwa kufundisha semina ya siku tatu kwa wazee wa kanisa, katika usharika mmoja wa bara. Somo la asubuhi ya mwisho lilikuwa Kumbukumbu la Torati 6. Mchana, nikiwa na begi mkononi, mama aliyetupikia siku zote tatu alinifuata uani. "Mwalimu, naomba uniulizie kwa mwekahazina. Kuni na mafuta nimenunua kwa hela yangu, na leo naambiwa nisubiri." Nikamjibu, "Nimekusikia, mama." Nikapanda basi.

Tulipofika Chalinze basi lilisimama kidogo, nikanunua maji kwa kijana dirishani. Dereva akaondoa gari kabla sijamlipa. Kijana akakimbia sambamba na dirisha, mkono juu, akiita "Mzee, hela yangu! Mzee!" mpaka nikaitupa noti akaidaka. Nilipokaa nilikuwa na sauti yake masikioni, na nyuma yake ile ya mama wa uani. Nikampigia mwekahazina. Si mtu mbaya. Fedha zilikuwepo, ila hati ilisubiri saini ya mwenyekiti, na mwenyekiti amesafiri hadi Jumatatu. Nikamwomba amlipe kwa fedha zake mwenyewe, ajirudishie Jumatatu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema sawa. Jua lilikuwa bado juu nilipopata ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Imeingia."

Sidai kwamba nililitii neno la Mungu siku ile kama nilivyopaswa. Nililitii kwa kuchelewa, na baada ya kukimbizwa na muuza maji. Naeleza kwa sababu nilijifunza mahali utii unapokwama kwa watu wa kawaida. Ni wachache kati yetu wenye kisu na jiko la Yehoyakimu. Tuna saini inayosubiri Jumatatu.

Sokoni hali ni hiyo hiyo. Sheria ya Kumbukumbu 25 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko, moja kubwa na moja dogo. Mawe ya mizani ya Yuda yamechimbuliwa kwa wingi, mengine yakiwa na alama za uzito wake, na shekeli moja ilikaribia gramu 11 na ushee. Mfanyabiashara mwenye mawe mawili alinunua kwa jiwe zito na kuuza kwa jiwe jepesi. Mkulima wa viazi au vitunguu wa kwetu anaijua lumbesa: gunia linaloshonewa kilemba mpaka likasimama kama mtu, kisha analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza, na lumbesa ingali inapanda malori. Ningefurahi kusikia mahubiri juu ya lumbesa Jumapili ya mavuno, wakati magunia yamepangwa mbele ya madhabahu.

Kuna jambo moja zaidi katika kigae, ambalo sikuliona miaka ya mwanzo. Maneno ya barua yanajirudia. Mvunaji anasema vazi lake limechukuliwa, anaeleza alivyofanya kazi, anarudia kwamba limechukuliwa, anaeleza tena, anarudia tena. Wataalamu wengi wanaona humo usemi wa mtu anayetamka huku mwingine akiandika. Vibarua wa mavuno kwa kawaida hawakujua kuandika. Kwa hiyo, kabla mkuu wa ngome hajaombwa asikie, mwandishi fulani, pengine kando ya lango, alishika kipande cha chungu na kalamu ya tete akamwacha mtu huyu aseme. Angeweza kumkatiza, akaandika ombi fupi la mistari mitatu lenye adabu za kiofisi. Hakufanya hivyo. Aliandika vazi, na vazi, na vazi, kila mara mvunaji alipolitaja, hadi kigae kikajaa.