Taabu za Umeme wa Jua Nyumbani

Nyumba nyingi za vijijini katika Tanzania na Kenya ziko mbali na nguzo za umeme. Wenyeji wake huweka bamba la jua juu ya paa, wakapata taa bila kununua mafuta. Jambo hili ni jema. Walakini lina taabu zake, nazo yafaa kuzijua.

Kwanza, jua huchwa. Umeme wa usiku hauna budi kuwekwa akiba katika betri mchana, na akiba hiyo ni haba. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 huchukua wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi ikitumiwa kupita nusu kila siku hufa upesi. Basi zafaa kutumiwa wati-saa 600 tu. Kwa akiba hiyo taa nne za wati 5 zaweza kuwaka saa 30. Bali pasi ya wati 1,000 huimaliza kwa dakika 36.

Pili, wakati wa masika mawingu hufunika jua siku nyingi, na betri haijai. Wakati wa kiangazi vumbi hutanda juu ya bamba na kupunguza nguvu yake.

Tatu, mwenye nyumba ndiye mlinzi wa mtambo wake. Asidi ya betri huunguza ngozi na macho, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo betri kuukuu haifai kuvunjwa wala kutupwa ovyo. Tena baada ya miaka michache hutakiwa nyingine, na asiyeweka fedha mapema hurudi gizani.

Basi mwenye umeme wa jua hupima matumizi yake, kama mkulima apimavyo nafaka ya ghalani.