Je, Wajua? Hoteli ya Reli Yetu

Sogea hapa kwenye benchi la gare, ndugu yangu, treni bado. Unaiona reli hii? Ilifika Sakania Desemba 1909, ikaingia Lubumbashi, enzi hizo Elisabethville, mwaka 1910. Sasa irudie kinyumenyume: Ndola, Kabwe, Livingstone, vuka Zambezi. Unatokea hotelini!

Je, wajua Victoria Falls Hotel ilipofunguliwa mwaka 1904 ilikuwa ya mbao na mabati? Vyumba 16 tu: 12 vya mtu mmoja, 4 vya wawili. Jumba la fahari lililopo leo lilianza kujengwa miaka kumi baadaye.

Je, wajua hoteli hiyo ni kubwa kwa umri kuliko daraja la reli la hapo Zambezi? Daraja lilifunguliwa Septemba 1905, mita 128 juu ya maji. Na hapa jishike: siku ya kuunganisha upinde, jua lilikuwa limetanua chuma, nusu mbili zikapishana kama sentimita 3. Mafundi wakaenda kulala. Alfajiri ya Aprili 1 chuma kimepoa, zikaingia kama kifuniko na sufuria yake!

Nairobi nayo? Reli tena, mwaka uleule: hoteli ya Norfolk ilifungua milango Krismasi ya 1904. Miaka mitano baadaye akalala humo Theodore Roosevelt, ametoka tu Ikulu ya Marekani, anakwenda kuwinda.

Turudi Victoria Falls. Je, wajua mwaka 1948 wageni walifika kwa ndege zilizotua juu ya mto Zambezi wenyewe? Safari kutoka Uingereza ilikula zaidi ya siku nne, nawe unalalamikia treni! Mwaka mmoja kabla, Mfalme George VI alilala hotelini hapo na binti zake wawili. Elizabeth, mkubwa wao, alikuwa bado na miaka 20.

Hii ya mwisho ndiyo naipenda kuliko zote. Kuanzia 1920 hadi 1957, mgeni hakuhitaji kutembea kwa miguu kwenda kutazama maporomoko. Alikaa kwenye toroli lenye kiti na paa la turubai, juu ya reli nyembamba. Kwenda ni mteremko, breki tu. Kurudi ni mlima. Injini? Hakuna, ndugu yangu: wanaume wa Kiafrika nyuma, mikono kwenye toroli, wanasukuma. Miaka 37!