Baraza la Kijiji Katika Nchi ya Waingereza

Katika somo lililopita tulieleza habari za Bunge lililoko London. Leo tutashuka ngazi mpaka chini kabisa, tufike kijijini, maana huko ndiko liliko baraza dogo kuliko yote katika nchi ile.

Mtu akisikia habari za kijiji cha Uingereza, hufikiri juu ya kanisa la mawe, uwanja wa majani, na nyumba ya kunywea pombe. Hayo yapo. Lakini nani hulipa mtu wa kukata majani ya uwanja ule? Nani alijenga kibanda cha kungojea basi, na nani hutunza makaburi? Mara nyingi jibu ni moja: baraza la kijiji. Wenyewe huliita baraza la parokia, kwa sababu mipaka yake ilitokana na mipaka ya kanisa. Msidanganywe na jina hilo. Baraza si la kanisa, na kasisi hana kiti humo ila akichaguliwa kama mtu mwingine yeyote.

Zamani sivyo ilivyokuwa. Mambo ya kijiji yaliamuliwa katika kikao cha kanisa, na wenye sauti kubwa walikuwa kasisi na mwenye ardhi. Kibarua ambaye hata nyumba aliyolala ilikuwa mali ya bwana wake, angewezaje kusimama mbele ya bwana huyo na kusema hapana? Basi mwaka 1894 Bunge lilipitisha sheria ya kuyatoa mambo ya kijiji katika mikono ya kanisa na kuyatia katika mabaraza ya kuchaguliwa. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Desemba mwaka uleule. Jambo la ajabu ni kwamba sheria hiyo iliwaruhusu wanawake, hata wenye waume, kupiga kura na kuchaguliwa. Kura ya Bunge wanawake hawakuipata mpaka 1918, tena wakati huo ni wale tu waliotimiza miaka 30 na kuwa na sifa nyingine zilizotakiwa. Kwa hiyo mwanamke aliweza kuketi katika baraza la kijiji chake miaka 24 kabla ya kuweza kumchagua mbunge.

Siku hizi katika England yenyewe (Wales na Scotland zina utaratibu wao) yako mabaraza ya namna hii, pamoja na yale ya miji midogo, yapatayo 10,000. Kila baraza lina wajumbe wasiopungua 5, nao huchaguliwa kwa miaka 4. Kwa kawaida hawana mshahara. Alipwaye ni karani, naye ndiye aandikaye barua, atunzaye hesabu na kubandika matangazo. Kijiji kikiwa kidogo, karani hufanya kazi saa chache tu kwa juma, na pengine karani mmoja huvihudumia vijiji viwili au vitatu.

Fedha hupatikanaje? Wajumbe hawaendi nyumba kwa nyumba na kikapu. Kila mwaka hukisia matumizi yao, kisha huipelekea halmashauri kubwa ya mahali pale hesabu ya fedha wanazotaka. Halmashauri hiyo huziongeza katika kodi ya nyumba, hukusanya, halafu huwapa. Tuseme kijiji kina nyumba 400 zinazolingana, na baraza lataka pauni 20,000. Kila nyumba italipa pauni 50 kwa mwaka. Kwa kweli nyumba hazilingani, hivyo mwenye kubwa hulipa zaidi na mwenye ndogo hulipa pungufu.

Sasa tuseme yale ambayo baraza haliwezi, maana hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Shule si zake, wala polisi, wala barabara kuu. Mtu akitaka kujenga nyumba 50 katika shamba lililo kando ya kijiji, baraza hutoa maoni tu. Atoaye ruhusa ni ile halmashauri kubwa. Wanakijiji wengi hawalijui jambo hili, nao huja mkutanoni kuwakaripia wajumbe kwa shauri ambalo wajumbe hawakulikata. Lakini sheria ya mwaka 2011 iliwapa silaha mpya. Baraza laweza kutengeneza mpango wa eneo lake, kuonyesha wapi pajengwe na wapi pasijengwe, na watu wakaupigia kura. Ukikubaliwa, wakubwa hawawezi kuupuuza bila sababu nzito. Mpango wa kwanza kukubaliwa hivyo ulikuwa wa Upper Eden, katika Cumbria, Machi 2013.

Je, mtu asiye mjumbe ana nafasi gani? Anayo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kila mwaka, kati ya Machi 1 na Juni 1, sharti ufanywe mkutano wa wapiga kura wote wa kijiji. Hauwezi kuanza kabla ya saa 12 jioni, na hivyo hata mwenye kazi ya mchana aweza kufika. Vilevile baraza haliruhusiwi kukutana katika nyumba ya pombe, ila ikiwa hakuna chumba kingine kifaacho kwa bure au kwa bei ya kadiri! Watu 6 wenye haki ya kura waweza kuitisha mkutano wa kijiji wakati wowote. Mikutano ya baraza lenyewe huwa wazi, kwa sheria ya mwaka 1960 iliyopelekwa Bungeni na Margaret Thatcher, wakati huo mbunge mgeni kabisa. Na kila mwaka hesabu za baraza huwekwa wazi kwa siku 30 za kazi, ili atakaye kuzikagua azikague.

Milango ni mingi, basi, lakini haijifungui yenyewe. Kama viti ni 7 na waliojitokeza ni 5, hapana kupiga kura. Hao 5 huingia moja kwa moja, kisha baraza lenyewe laweza kuwateua wengine wa kujaza viti vilivyobaki. Kwa hiyo wako wajumbe wengi ambao hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuwapigia kura. Siwalaumu, kwani wengi wao ni wale waliokubali wenzao walipokataa. Lakini baraza lisiloogopa uchaguzi laweza kusinzia.

Tuchukue mfano wa kiwanja cha watoto. Bembea zimeoza, gharama ni kubwa, na baraza lafikiri kuziondoa. Tangazo la mkutano hubandikwa siku tatu kamili kabla, katika ubao ulio kando ya njia. Asipolisoma mtu, wajumbe huketi, huamua, na wazazi hupata habari siku wanapoona nguzo zimeng'olewa. Kama wangelisoma, wangeweza kufika, au watu 6 wangeitisha mkutano wa kijiji chote. Huko mama mwenye watoto atataka bembea mpya, na mzee aishiye kwa pensheni atauliza kwa nini kodi yake ipande kwa ajili ya kitu asichokitumia. Wote wawili wana haki ya kusema, na kila mmoja ana kura moja. Wasipopatana, watu 10, au theluthi ya waliohudhuria kama hiyo ni ndogo zaidi, waweza kudai kura ya siri ya kijiji kizima. Kura hiyo hailifungi baraza kisheria, ila wajumbe huijua kesho yake, nao hununua mkate katika duka lilelile.

Katika somo lijalo tutaeleza kazi za halmashauri ya wilaya. Kwaherini.