JE, JIKO LAKO LINAKULA KUNI KIASI GANI? PIMA MWENYEWE



Umeshawasikia wanaoleta majiko mapya. Mmoja anasema jiko lake linaokoa nusu ya kuni. Mwingine anasema la kwake linachemsha upesi kuliko yote. Wewe mama unayetembea kutafuta kuni na pengine kugombana na wenyeji wenye shamba, au unayeuza sehemu ya mgao wa chakula ili upate mkaa, una haki ya kujua kama maneno hayo ni kweli kabla hujatoa pesa yako. Kipimo chenyewe si kigumu. Kinafanyika uani, iwe Rhino Camp, Imvepi au Lobule.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Jambo la kwanza ni nguvu ya moto, yaani jiko linatoa joto kiasi gani kwa dakika. La pili ni ufanisi, yaani katika joto lote lililotoka kwenye kuni, ni sehemu gani imeingia ndani ya sufuria. Mafiga matatu yanaweza kuwa na moto mkubwa sana, lakini joto jingi likaenda kwa upepo, kwa mawe na kwa miguu ya mpishi.

Namna ya kupima

Tafuta sufuria unayoitumia kila siku, maji lita 5, saa au simu, na mizani. Mizani ya kuning'iniza ya kupimia watoto haifai, kwa maana haionyeshi gramu chache. Azima ya dukani. Kaa mahali pa wazi pasipo na upepo mwingi.

Pima fungu la kuni kavu, tuseme kilo 2, uliandike. Mimina maji, lita 5 ni kilo 5. Washa moto, tazama saa, pika kama unavyopika siku zote bila kumwonyesha mtu ufundi. Maji yakichemka sawasawa tazama saa tena, toa kuni, zima ndimi za moto, gonga makaa yaanguke. Sasa pima vitu vitatu: kuni zilizobaki, makaa, na maji. Makaa yapime kwenye kopo la bati, usije ukaunguza mizani ya watu. Rudia mara tatu kwa siku tofauti, kwa sababu upepo wa siku moja unaweza kukudanganya.

Kama hesabu huipendi, ishia hapa: linganisha tu gramu za kuni zilizotumika kwenye jiko la zamani na jipya, kwa sufuria ileile na maji yaleyale. Hilo peke yake linatosha kumjibu muuzaji.

Hesabu kwa anayetaka

Kuongeza joto la kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunahitaji kilojuli 4.2 hivi. Arua na Koboko ziko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Maji yakianza na nyuzi 24, yamepanda nyuzi 72. Kilo 5 mara 72 mara 4.2 ni kilojuli 1,512. Tena kila gramu ya maji iliyogeuka mvuke imechukua kilojuli 2.26. Tuseme zimepotea gramu 200, hizo ni kilojuli 452. Jumla sufuria imepokea 1,964.

Upande wa kuni, kilo 1 ya kuni zilizokauka kwa jua ina kilojuli kama 15,000. Tuseme mafiga yametumia kilo 1 nzima, lakini yamebakiza makaa gramu 50. Makaa hayo bado ni mali yako: kila gramu ina kilojuli 29, kwa hiyo toa 1,450. Kilichoungua ni 13,550. Gawa 1,964 kwa 13,550, utapata kama 14 kwa 100. Maana yake, katika kuni 100 ulizobeba kichwani, 86 zimepasha hewa.

Sasa jiko la peleti, yaani vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa, lenye feni ndogo ya kupuliza hewa. Tuseme limetumia gramu 280. Peleti ni kavu kuliko kuni zetu, kila gramu ina kilojuli kama 17, jumla 4,760. Ondoa makaa ya gramu 10, zinabaki 4,470. Mvuke ukiwa gramu 100, sufuria imepokea 1,738. Ufanisi ni 39 kwa 100 hivi.

Angalia na nguvu. Mafiga yakichukua dakika 30, yaani sekunde 1,800, moto wake ni kilowati 7.5, lakini sufuria inapata 1.1 tu. Peleti zikichukua dakika 24, moto ni kilowati 3.1, na sufuria inapata 1.2. Moto mdogo kuliko nusu umewahi kuchemsha! Ndiyo maana hatupimi jiko kwa kutazama ukubwa wa ndimi zake.

Mambo ambayo kipimo hiki hakisemi

Maharage hayaivi kwa kuchemka kwa fujo. Maji yakishafika nyuzi 96 hayapandi tena hata ukiongeza kuni, unatengeneza mvuke tu. Na hesabu yetu inaupa mvuke huo alama nzuri! Kwa hiyo baada ya kuchemsha maji, pika chakula chenyewe: kilo 1 ya maharage yaliyolowekwa usiku, sufuria imefunikwa, mpaka yaive. Jiko lisilokubali kupunguzwa moto litajulikana hapo. Tena mtazame mpishi anaposonga ugali: jiko likiyumba, ataliacha baada ya wiki mbili, hata kama karatasi ya maabara inalisifu. Maabara zina kazi yake, na Chuo Kikuu cha Makerere kinayo ya kupima majiko, lakini kuni mbichi na sufuria yako iliyopinda haziko kule.

Mkaa, au makala kama wasemavyo ndugu zetu wa Kongo, nao una ujanja wake. Kwenye sigiri unaonekana hauna hasara, kwa kuwa kilo 1 ina joto karibu mara mbili ya kuni. Lakini kuichoma kilo hiyo katika tanuri la udongo kumekula kuni kilo 5 hadi 10. Mwaka 2023 Rais alitoa amri ya kuzuia biashara ya mkaa kaskazini mwa Uganda, na sababu ilikuwa miti hiyo.

Peleti nazo zina swali lake: zitatoka wapi mwezi ujao? Katika kambi ya Kigeme, Rwanda, wakimbizi wa Kongo walipikia peleti za kampuni ya Inyenyeri, na kampuni ikafunga mwaka 2020. Jiko la namna hiyo bila peleti zake ni kopo tu. Muulize muuzaji habari hiyo kabla ya bei, na peleti utakazopata zihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, kwani zikilowa huvimba na kumong'onyoka.

Mwisho ni moshi. Jiko linaweza kuokoa kuni na bado likatoa moshi unaowaletea watoto kichomi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Weka kipande cha bati safi juu ya moto kwa muda mfupi, uone masizi yanavyoshika kwa jiko moja na jingine. Hewa ya sumu ya mkaa lakini haina masizi wala harufu, na kipimo cha uani hakiioni. Usilale na sigiri ndani hata kama makaa yamefunikwa na majivu, na ukiamka na kichwa kizito katika nyumba iliyokuwa na moto, toka nje kwanza, watoe na watoto, ndipo umwite mhudumu wa afya wa kijiji.